Shahada ya miaka mitatu inagharimu miaka mingapi?

Kila mwaka, kuanzia matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai hadi vyuo vinapofunguliwa, simu ya kituo chetu hujaa ujumbe kuhusu ada na mikopo. Ujumbe mmoja, kutoka kwa msikilizaji wetu ambaye ni mkulima wa mahindi, tuliusoma hewani na kuujibu kwa haraka kuliko ulivyostahili. Aliandika hivi: "Kijana kachaguliwa chuo kikuu. Mkopo kapewa nusu. Nina maksai wawili wa plau. Niuze?"

Siku ile tulimwambia elimu ni urithi. Ni kweli, lakini hilo si jibu la mtu anayetaka kujua kama mwakani atalima. Leo tunafanya hesabu pamoja naye, na pamoja na wewe ambaye kijana wako yuko kidato cha nne au cha sita. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba ada ni sehemu ndogo ya bei ya shahada. Sehemu kubwa ni miaka, na kila siku ya miaka hiyo mtu anakula na kulala.

Tuanze na miaka

Tuchukue kijana aliyefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2025. Akichaguliwa kidato cha tano, anaanza Julai 2026. Mtihani wa kidato cha sita anaufanya Mei 2028. Chuo kikuu anaingia mwishoni mwa Oktoba au Novemba 2028. Kama kozi yake ni ya miaka mitatu, na hakurudia hata mwaka mmoja, anamaliza katikati ya 2031.

Kwa hiyo shahada inayoitwa ya miaka mitatu, ukihesabu tangu alipoweka kalamu chini kidato cha nne, imechukua zaidi ya miaka mitano na nusu. Ndani yake kuna muda wa kusubiri tu: zaidi ya miezi saba kabla ya kidato cha tano, na miezi kama mitano kati ya kidato cha sita na chuo. Jumla inakaribia mwaka mzima. Wengine hutumia miezi mitatu hivi ya muda huo JKT kwa mujibu wa sheria, lakini wengi huwa nyumbani.

Hiyo ni kwa kozi fupi. Uhandisi ni miaka minne, kwa hiyo kijana wetu angemaliza 2032. Udaktari wa binadamu ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya kupata usajili kamili. Huyo anafika 2034. Anayesoma sheria akitaka kuwa wakili hamalizi na shahada. Anatakiwa apite pia kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo nayo ina ada yake.

Tena hapo tumemhesabia anayefaulu kila muhula. Wanafunzi wana maneno yao: kusapu, yaani kurudia mtihani wa somo, kukeri, yaani kubeba somo hadi mwaka unaofuata, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Mzazi ayajue maneno haya. Mwaka wa kurudia kwa kawaida haubebwi na mkopo, kwa hiyo unaangukia nyumbani wote.

Sasa hela

Katika vyuo vikuu vya umma Tanzania, ada ya kozi nyingi kwa mwanafunzi wa ndani ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.8 kwa mwaka. Kozi za sanaa na ualimu ziko chini, za tiba ziko juu. Katika vyuo binafsi inategemea chuo, na udaktari unaweza kufika milioni 4, milioni 5 au zaidi kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa kati: ada ya shilingi milioni 1.2 kwa mwaka, kozi ya miaka mitatu. Ada yote ni milioni 3.6.

Halafu kuna kula na kulala. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa inatoa shilingi 8,500 kwa siku, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango ni shilingi 10,000. Hela hii ndiyo wanafunzi wanayoiita bumu. Tukihesabu siku 240 za masomo kwa mwaka, yaani awamu nne za siku 60, ni milioni 2.4 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni milioni 7.2. Vitabu na vifaa vya kuandikia, kwa kiwango cha Bodi cha shilingi 200,000 kwa mwaka, ni shilingi 600,000.

Jumla ni shilingi milioni 11.4. Angalia ada imekaa wapi hapo: haifiki theluthi moja. Karibu theluthi mbili ya bei ya shahada ni sahani na godoro.

Ndiyo maana tunasema miaka ndiyo bei. Kozi ya miaka mitano yenye ada ya milioni 1.8, kwa hesabu hiyo hiyo, inafika milioni 22. Imezidi kwa sababu ya ada, ndiyo, lakini pia kwa sababu ya siku 480 za ziada za kula na kulala.

Kuna pia vitu vinavyotakiwa kabla bumu la kwanza halijaingia. Nauli. Godoro. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo NHIF imekuwa ikitoza shilingi 50,400 kwa mwaka. Akikosa chumba hosteli atapanga geto, na mwenye nyumba mara nyingi hataki kodi ya mwezi mmoja, anataka ya miezi mitatu au sita. Bumu halitoki mpaka mwanafunzi asajiliwe chuoni na asaini, na likichelewa wiki mbili, ni wiki mbili za simu za usiku nyumbani. Hela hii ya kuanzia ndiyo inayowashtua wengi, hata wale ambao watoto wao wamepata mkopo wote.

Zamani mambo yalikuwaje

Wazee wanaosikiliza watasema wao hawakulipa. Ni kweli. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Wasomi walikuwa wachache na nchi iliwahitaji, hivyo serikali ilibeba gharama. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha anayesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, amewasaliti wenzake.

Hata urefu wa safari ulikuwa suala la nchi. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Lengo lilikuwa asije chuoni mtu asiyeijua kazi. Utaratibu huo baadaye uliachwa.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza sera ya kuchangia gharama. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Chakula cha kijiji kikageuka kuwa deni la mtu mmoja mmoja, na pale deni lisipotosha, nyumba yake inaongeza.

Mkopo ni miaka mingine

Serikali imeongeza fungu la mikopo. Lilikuwa shilingi bilioni 570 mwaka wa masomo 2021/22, likafika bilioni 787 mwaka 2024/25. Lakini waombaji nao wanaongezeka, na Bodi hugawa kwa kupima uwezo wa familia, kwa hiyo wapo wanaopata wote, wapo wanaopata sehemu, na wapo wanaokosa.

Turudi kwa msikilizaji wetu aliyepata nusu. Kwa mfano wetu wa milioni 11.4, mwaka mmoja ni milioni 3.8, na nusu yake ni milioni 1.9. Kama gunia la mahindi anauza shilingi 70,000, anatakiwa kutoa magunia 27 na zaidi kidogo kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, baada ya kuweka ya kula na mbegu. Mvua ikikataa mwaka mmoja, chuo hakisubiri.

Na ile nusu iliyokopwa, au mkopo wote kwa aliyebahatika, ina safari yake. Marekebisho ya sheria ya 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme kijana amekopa milioni 11.4 yote, kisha amepata kazi ya mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Makato ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Ukiongeza ada ya uendeshaji ya asilimia 1, atamaliza deni baada ya miezi 96. Ni miaka minane.

Hapa kuna habari njema ambayo wengi bado hawajaielewa. Hadi 2021 kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni letu la mfano, tozo ya mwaka wa kwanza ingekuwa shilingi 684,000, sawa na shilingi 57,000 kila mwezi. Karibu nusu ya makato ilikuwa inakwenda kwenye tozo, na deni lenyewe linapungua kidogo sana. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza tozo hiyo ifutwe, na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikaondolewa pia. Leo anayelipa shilingi 120,000 anaona deni linashuka.

Aliyejiajiri naye hajasamehewa. Sheria inamtaka alipe kila mwezi kiasi kisichopungua shilingi 100,000, au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Kwa kijana aliyerudi kijijini kufuga kuku huku akisubiri ajira, hiyo ni hela nyingi, na kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa kwa miaka. Kila mkoa una walimu wenye shahada ambao hadi leo wanatuma maombi. Kwa hiyo swali la kozi gani inaajiri lina uzito sawa na swali la ada.

Njia ya diploma

Watu wengi vijijini wanaiona diploma kama ya aliyeshindwa. Tunadhani hesabu inasema vingine.

Mwanafunzi mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne anaweza kujiunga na chuo kilichosajiliwa na NACTVET na kupanda ngazi hadi diploma, kwa kawaida miaka mitatu. Kijana wetu wa Novemba 2025 akianza Septemba au Oktoba 2026, anamaliza katikati ya 2029. Akitaka kuendelea, diploma yenye wastani wa angalau 3.0 inamfungulia mlango wa chuo kikuu, ingawa baadhi ya kozi hutaka zaidi. Akiingia 2029, shahada ya miaka mitatu anaimaliza 2032.

Amechelewa mwaka mmoja kuliko mwenzake wa kidato cha sita. Lakini tazama kilichotokea katikati. Mwaka 2029 huyu ana cheti cha kazi mkononi: tabibu, fundi sanifu, ofisa ugani. Mwenzake mwaka huo ana cheti cha kidato cha sita na mwaka mmoja wa chuo. Shida ikitokea nyumbani, mzazi akaugua au mazao yakakauka, huyu wa diploma anaweza kusimama, akafanya kazi, kisha akaendelea baadaye. Wa pili akisimama, anasimama bila kitu.

Njia hii ina mashimo yake. Kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali havina ada tangu mwaka wa fedha 2022/23, wakati diploma inalipiwa, na katika vyuo binafsi vya afya ada inaweza kuzidi ya chuo kikuu cha umma. Mikopo ya diploma ilianza 2023/24, tena kwa fani zilizopewa kipaumbele tu, kama za afya, ualimu wa sayansi na hisabati, kilimo na mifugo. Hakikisha kwanza kuwa chuo kimesajiliwa, na kuwa fani imo kwenye orodha ya mwaka huo.

Kwa anayefanya kazi tayari kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo mikoani. Huko mtu anasoma akiwa kwake. Miaka inaweza kurefuka, lakini hela ya geto haipo, na shamba halilali.

Wakubwa wanakuja wawili wawili

Kuna jambo linalowahusu wenye watoto wadogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inapunguza shule ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamalizia darasa la sita 2027. Waliokuwa darasa la nne wanamaliza darasa la saba mwaka huo huo. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja, Januari 2028.

Kwa familia ni nafuu, mwaka mmoja umepungua. Lakini fuata hesabu hiyo mbele. Makundi hayo mawili yatafika mlango wa chuo kikuu pamoja karibu na 2034. Vitanda vya hosteli, viti vya darasani na fungu la mikopo vitahitajika kwa watu wa miaka miwili kwa wakati mmoja. Miaka iliyopo kati ni ya kujiandaa, na tungependa kuwasikia wabunge wakiuliza maandalizi hayo yako wapi sasa, kabla foleni haijafika.

Tungependa pia waulize kuhusu ule mwaka wa kusubiri. Kalenda inayomweka kijana nyumbani miezi saba, kisha miezi mitano, inalipiwa na mzazi. Na bumu la kwanza likimkuta mwanafunzi wiki ya kwanza, familia nyingi zitaepuka mkopo wa riba wa mtaani.

Kabla hujauza

Sasa tumjibu msikilizaji wetu.

Kwanza, mwambie kijana asikubali kiwango cha mkopo kimya kimya. Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kutangaza waliopata. Nyaraka ndizo zinazoamua: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, uthibitisho wa TASAF kama kaya inahudumiwa, fomu ya daktari kama kuna ulemavu. Wengi wenye sifa hupata kidogo kwa sababu karatasi haikuwepo. Kwa walio kidato cha sita sasa, uhakiki wa RITA usingoje Julai. Na kwa waliofaulu sana sayansi upo ufadhili wa Samia, ambao haurudishwi.

Pili, andika miaka yote kwenye karatasi moja. Usiulize "ya mwaka huu ninayo?" Uliza "ya mwaka wa mwisho itatoka wapi?" Tuseme maksai wako wawili wanaleta milioni 2. Hiyo inafunika mwaka mmoja wa nusu iliyobaki. Mwaka wa pili huna maksai, umelima kwa jembe la mkono eneo dogo, na deni la magunia 27 liko pale pale. Mali inayozalisha iwe ya mwisho kuuzwa. Ukiweza, anza na ambayo haizalishi, au panga na ndugu kila mmoja abebe kitu chake: mjomba kodi ya geto, shangazi nauli, wewe chakula.

Tatu, kama karatasi inaonyesha mwaka wa pili hautoki, zungumza na kijana mapema. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo, ila mwanafunzi lazima aombe kwa maandishi na ajibiwe, mara nyingi baada ya kujisajili. Akiondoka kimya anaweza kupoteza nafasi na mkopo pamoja. Kuangalia kozi nyingine, au diploma, si aibu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama ungetuuliza leo tungesema: usiuze bado. Kata rufaa, kaa na ukoo, piga hesabu ya miaka mitatu. Ikibaki pengo la mwaka wa mwisho tu, na kijana amebakiza muhula mmoja amalize, hapo maksai wanaweza kwenda. Watakuwa wamelima hadi dakika ya mwisho, na utakuwa unanunua mwisho wa safari, siyo mwanzo wake.